Minyororo Isiyolingana

Jumatatu, 9 Juni, Sapporo

Vita imetangazwa. Profesa Wakabayashi kasema maabara yetu ina nafasi moja tu ya kuzungumza kwenye mkutano wa Nagoya. Ataipata atakayetengeneza minyororo ya plastiki, yaani molekuli ndefu zilizoungana, inayolingana urefu zaidi kuliko ya wenzake. Kichocheo kinachoiunga kisiwe na metali hata chembe, maana plastiki hiyo ni ya nyuzi za kushonea vidonda. Nafasi ni yangu. Mimi ni mkubwa. Mizushima yuko mwaka mmoja chini yangu. Mama nimeshampigia simu. Naye kashamwambia muuza samaki na daktari wa meno. Hakuna kurudi nyuma!

Jumanne, 10 Juni

Kwenye kipimo chetu, moja kamili maana yake minyororo yote ina urefu sawa; namba ikizidi, inapishana. Mizushima: 1.06. Mimi: 1.31. Lo! Nimemchungulia. Anasimama na saa ya jikoni, dakika mbili tu, kisha anatia tone la asidi kukizima kichocheo, malighafi nyingine hata haijaungana. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nani anaepua wali mbichi? Yangu nitaiacha saa nzima.

Jumatano, 11 Juni

1.58. Profesa aliuliza kama nilikwenda kula. Nilikwenda, tambi za miso, bakuli mbili. Akasema kichocheo kikikosa kazi hakikai bure, kinaikata minyororo iliyokwisha kuungana na kuiunga upya ovyo ovyo, kwa hiyo nikizime mapema. Niliinama, nikasema nimeelewa kabisa. Nimeelewa kwamba Mizushima ana saa na mimi sina. Saa yake nimeificha ndani ya kiatu changu.

Alhamisi, 12 Juni

Huyu dada Mizushima ni balaa! Alipoikosa saa akaanza kuhesabu kwa sauti. Meza zetu zimepakana. Nikajikuta nahesabu naye mpaka mia na ishirini, na makofi nikampigia. Chupa yangu nikaisahau. Yeye 1.04. Mimi 1.72. Nagoya ni yake. Imeniuma, sifichi. Nilijifungia chooni kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Mizushima kaniletea andazi la maharage matamu. Kanisihi: kaka Igarashi, dakika mbili tu, halafu asidi, nakuomba. Kasema nikipata hata 1.2 atanitaja kule Nagoya. Nimemshukuru. Masikini, hajui kwamba alibahatisha. Mimi kosa langu nimeshaligundua: haraka. Saa nzima haikutosha. Nimeanzisha chupa mpya, nimeifunika vizuri, na nitaizima Jumatatu.