Picha Iliyokwenda Usoke

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanza kwenye simu maombi ya mafunzo ya kufungasha asali. Nafasi ishirini tu, za kinamama, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Nikipata, Octavian wangu atakuwa mtoto wa mama mwenye kazi yake. Ana miezi kumi, hajui lolote, anacheka tu. Jina nimejaza. Kata ya Ipuli nimejaza. Sikumuuliza mtu. Picha ikakataa. Maandishi mekundu: imezidi KB 200. Na picha yenyewe kitenge cha ubatizo, hereni kubwa, Okta mgongoni, pazia jipya nyuma. Nahisi imewatisha.

Jumanne, 10 Juni
Jirani yangu Maua kapita makusudi kunipa habari kwamba yake ilipita mara moja. Simu yake ya zamani ina ufa, kamera kama imepakwa samli. Ati Mama Okta, labda hawataki mbwembwe. Nikamjibu kwa adabu kwamba wengine mbwembwe tumezaliwa nazo.
Nikaenda kwa kaka Lugembe wa steshenari. Akasema picha yangu imebeba mambo mengi, MB nne nzima, lete niipunguze kwenye kompyuta, dakika moja tu. Nimekataa. Uso wangu haupunguzwi na mwanamume wa steshenari. Ila hilo la mambo mengi nimelielewa.

Jumatano, 11 Juni
Pazia nimetoa. Hereni nimevua. Okta nimemweka kwenye mkeka, akalia kama nimemtupa, roho ikaniuma. Nikapiga mbele ya ukuta mweupe. MB tatu! Kumbe pazia, hereni na mtoto ni MB moja. Hesabu hiyo nimeipata mwenyewe, na shule niliishia la saba.
Nikavua kilemba. Bado tatu. Nikafumua nywele. Tatu. Mwanamke mwenye heshima zake hana kingine cha kuvua.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemtumia picha kwa WhatsApp dada Advera, yuko Usoke kwenye tumbaku, aone mdogo wake anavyopendeza hata bila hereni. Akairudisha kwa WhatsApp hiyo hiyo, akiuliza mbona nimenuna kama nimenyang'anywa kitumbua. Kwenye fomu nikabonyeza ile aliyoirudisha, kwa bahati mbaya. Imepita. KB 140.
Nimekaa nikafikiri mpaka uji wa Okta ukapoa. Bibi alikuwa akitusimulia wapagazi waliotoka hapa Tabora kwa miguu hadi pwani, wakirudi mifupa mitupu. Picha nayo ni vilevile. Imekwenda Usoke, imerudi, imekonda. Hakuna aliyenifundisha hili.

Ijumaa, 13 Juni
Leo fomu inataka picha ya cheti cha shule. MB tano, kwa ile mihuri yote. Nikaona wazi Usoke haitoshi. Nikamtumia shemeji Revocatus, yuko Kigoma, nikamwomba akipumzishe kidogo kabla ya kukirudisha. Saa nane kimerudi kimekonda vizuri. Saa nane na robo maombi yamepokelewa, namba nimepewa. Nimembusu Okta mpaka akanisukuma.
Nikapita kwa Lugembe kumwonyesha. Akacheka, ati hata ningemtumia Maua hapo ukutani, akanirudishia, kingepungua, kwa sababu WhatsApp yenyewe ndiyo inayobana picha. Maskini, kaka wa watu. Kutoka mlango wangu hadi wa Maua kitu gani kimewahi kukonda?
Saa tisa Maua mwenyewe huyo, anahema. Cheti chake kakipiga kwa simu mpya ya mjomba wake, kimekataliwa. Akaniita dada kwa mara ya kwanza. Sina kinyongo. Nikamuuliza kama ana ndugu wa mbali. Hana hata mmoja. Nikampa namba ya binamu yangu Zamda, yuko Omani. Cheti kimeondoka saa tisa na dakika kumi. Wasiwasi wangu ni mmoja tu: kwa umbali ule, kisije kikarudi karatasi tupu.