Nimeshuka Kreta Mpaka Nimechoka

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimejichongea. Ulimi huu, iko siku nitaufungia kwenye droo pamoja na betri mbovu.

Tulikuwa kwa mama ntilie tukinywa chai: mimi, Hyasinta wa duka la dawa, Julius mpiga picha, na Supeet, dereva wa watalii. Supeet akasema wageni wake wameahirisha, bosi kamruhusu atumie gari Jumatatu, siku ya Saba Saba. Julius akafungua mdomo. Niliona kabisa anataka kumwalika Hyasinta. Nikamuwahi! Nikapiga meza, nikatangaza kwamba Jumatatu sote tunashuka kreta ya Ngorongoro, na mwenyeji wao ni mimi. Chai ya Julius ikamwagika. Safi sana.

Sasa balaa. Tangu nitoke Singida nina miaka minne hapa Karatu natengeneza simu. Magari ya watalii yanapita mbele ya kibanda changu kila asubuhi, lakini kreta sijawahi kuiona hata kwa mbali. Ila Hyasinta, siku ya kwanza alipoleta simu ibadilishwe kioo, nilimwambia kwamba zamani nilifanya kazi kampuni ya utalii, na nimeshuka kreta mpaka nimechoka. Akanitazama kwa macho yale. Ningefanyaje?

Na Hyasinta hapendi uongo. Alimtimua mchumba wake wa kwanza aliyesema yuko Arusha kumbe yuko Mto wa Mbu. Mimi huyu dada nataka kumuoa. Akigundua, nimekwisha.

Jumapili, 6 Julai

Dawa imepatikana! Baada ya ibada nilimfuata Supeet gereji. Nikamwomba kesho anisalimie kama mfanyakazi mwenzake wa zamani, na nikikosea jina la mnyama au la mti, akohoe. Alicheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akakubali, kwa sharti moja: kuku wa kienyeji wa kuchoma, na mapaja yote mawili yawe yake.

Nimemchinja jogoo wangu. Pole, rafiki yangu. Ni kwa ajili ya mapenzi.

Nimeazima kofia ya kaki kwa jirani na darubini kwa mzee wa kanisa. Darubini ina jicho moja zima. Mchana kutwa nimesimama mbele ya kioo nikijifunza kutazama mbali kama mtu aliyechoshwa na tembo.

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya kukata masikio. Supeet aliniita mkongwe mbele ya wote. Julius akanuna. Nikakaa mbele, nikaanza kueleza miti njia nzima. Supeet alikohoa sana, mpaka Hyasinta akatoa dawa ya kifua kwenye mkoba akamnywesha.

Tukasimama juu, pale watu wanapotazamia. Ukungu mtupu. Nikasema, kwa sauti ya mzoefu, ndivyo kulivyo siku zote, twendeni. Mara upepo ukapita, wingu likafunguka.

Mungu wangu. Nilidhani nitaona shimo. Kumbe ni nchi nzima imewekwa kule chini! Ina ukuta wa milima pande zote, ina msitu wake, ina ziwa lake jeupe, na kivuli cha wingu kinatembea juu ya majani taratibu, hakina haraka na mtu. Kulikuwa na vitone vyeusi. Nikauliza kama ni mawe. Supeet hata hakukohoa, alisema tu kwamba ni kundi la nyati. Nikashika mkono wa mtu, kumbe ni wa Hyasinta. Machozi yakanitoka. Nikasema ni upepo. Julius akanipiga picha, mshenzi yule.

Tukashuka. Pundamilia walikuwa karibu hata unasikia wanavyotafuna. Simba jike alikuja akalala kwenye kivuli cha gari letu, nikawa namsikia anavyohema chini ya mlango wangu. Nilisahau kudanganya. Nilimsahau hata Julius!

Laiti tusingesimama kula. Supeet alituambia tule ndani ya gari, akaenda kusalimia madereva wenzake. Akili ikanirudia: mimi si mzoefu? Nikashuka na paja mkononi, nikawaeleza kwamba sisi wa kazi hii hula nje, tukitazama viboko. Paa! Mwewe kutoka nyuma. Paja limekwenda, kidole kimechanika. Ili kuonyesha kwamba ni bahati mbaya tu, nikachukua la pili. Mwewe mwingine.

Madereva walicheka mpaka wakakaa chini. Supeet akarudi, akafunua hotipoti, akakuta shingo na mabawa. Akatangaza kwamba mapatano yamevunjika, na kwamba mimi kreta sijawahi kuiona hata kwenye kalenda.

Julius alicheka. Hyasinta hakucheka. Nilitamani mwewe wangenibeba na mimi.

Jioni, kwenye msitu wa Lerai humohumo kreta, akatoka tembo dume mzee, pembe zinakaribia kugusa majani. Supeet akazima gari. Mnyama mkubwa vile, na hatua zake hazina kishindo! Akapita dirishani kwangu, nikaona kope zake. Nikajikuta nimevua kofia nikamwamkia shikamoo. Nyuma yangu Hyasinta akaangua kicheko.

Jumanne, 8 Julai

Amekuja! Asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Amesema alijua tangu kule juu, kwa sababu mtu aliyeshuka kreta mpaka akachoka hamshiki mwenzake mkono namna ile. Amesema yule aliyetoa machozi na kumwamkia tembo ndiye anayemtaka, huyu mwenye maneno mengi nimuache hukohuko kreta. Uongo basi. Nimeapa kwa roho ya jogoo wangu. Nina furaha mpaka nimeunga waya wa simu ya mteja kinyume.

Kisha akasema Jumapili twende Mbulu nikamsalimu baba yake. Mzee hapendi kuzungumza Kiswahili nyumbani. Akaniuliza, kwa upole tu, kama Kiiraqw ninakijua walau kidogo.

Nikamwambia nimekuwa nikijifunza kimyakimya, sasa nakiongea kama maji.

Najua neno moja, saita, la kusalimia, na nikijibiwa sijui niendelee vipi. Mwiraqw pekee mwenye nafasi ya kunifundisha wiki hii ni Julius. Nimeshampigia. Amekubali, na ninamchomea kuku, mapaja yote mawili yake.