Malalamiko Juu ya Neno la Kutisha Ulilomfundisha Mke Wangu

Bukavu, mtaa wa Nyalukemba

Kwa Mwalimu Dany,
mfundishaji wa Kiingereza cha jioni

Mwalimu mheshimiwa,

Nakuandikia kwa akili timamu na adabu yote, mimi Zagabe, fundi wa frigo, yaani majokofu, mume wa Maman Adolphine, yule mwanafunzi wako anayekaa mbele na kuuliza sana. Sina ubaya na Kiingereza. Mimi mwenyewe nilikubali aje kwako, apate kuelewana na wafanyabiashara wanaomletea vitenge. Lakini hivi karibuni ulimfundisha neno "threat", yaani tisho, maana yake na matumizi yake yote, na tangu hapo nyumba yangu haitawaliki. Mji wetu huu una vitu vya kutosha vya kutisha watu. Sikuona haja ya kuviongezea jina katika lugha nyingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimwambia kwamba tisho kamili lina sharti na adhabu: usipofanya hili, nitafanya lile. Mimi, Mwalimu, nimelea watoto kwa neno moja tu, "utaona". Baba yangu alinilea nalo kule Kalehe, nami nilikua vizuri. Jioni ile ile nilimwambia binti yangu mdogo, Maombi, "Kama hauoshe masahani, utaona." Mama yake akainua uso, akasema hapo kuna sharti lakini adhabu haipo. Maombi akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Papa, nitaona nini?" Masahani yalilala machafu.

2. Ulimfundisha pia kwamba Waingereza wanalo tisho tupu, lisilo na kitu ndani. Hilo halikuwa jambo la kumwambia mwanamke aliyeolewa. Alikaa akayakumbuka matisho yangu yote tangu tuoane: kwamba nitarudi Kalehe kulima mihogo, kwamba nitachinja jogoo wa jirani, kwamba sitakula tena sombe yake, yale majani ya mihogo. Yote akayaita matupu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Siku hizi nikipaza sauti, jirani mwenye jogoo ananisalimia.

3. Binti yangu mkubwa, Joviale, amechumbiwa na Akonkwa, kijana wa kisiwani Idjwi anayefundisha shule huko. Kijana hana kasoro, nimemchunguza. Lakini wakasema ndoa itafungwa Idjwi. Nilisimama mbele ya familia nzima nikatamka, "Kama mutafanyia ndoa Idjwi, mimi sitakanyaga." Hapo, Mwalimu, sharti lilikuwepo na adhabu ilikuwepo, na ndani ya moyo nilijipa alama nzuri. Joviale hakulia. Aliniuliza, "Papa, ile ni tisho ao ni ahadi? Kama ni ahadi, nitaomba tonton David anipeleke mbele ya padri." Maana mama yake alikuwa amemweleza somo lako, kwamba ahadi humfurahisha anayeisikia, na tisho humwumiza. Kesho yake shemeji yangu David alikwenda kupimwa koti.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ulisema kwamba neno hilo halihitaji mdomo, kwamba hata kitu kisichosema kinaweza kuwa tisho: mvua, ugonjwa, mlima unaotaka kuporomoka. Mfano ulioandika ubaoni, naambiwa, ulikuwa ziwa. Asubuhi yake Adolphine alinimiminia chai, akakaa karibu nami, akasema polepole, "Papa Joviale, hauko natisha mutoto. Ni ziwa iko nakutisha weye. Na chumba yenye itabaki wazi hapa nyumbani." Mwalimu, mwanamume anaweza kumvumilia mke anayempinga. Mke anayemwelewa kwa msaada wa sarufi ya Kiingereza ni mzigo mwingine. Ni kweli sijapanda mashua tangu ile iliyozama na mdogo wangu Gentil. Lakini jambo hilo sikumbuki kama nilikupa uliweke katika darasa lako.

Kwa hiyo naomba neno hilo lifutwe ubaoni na vichwani mwa wanafunzi, na mahali pake uwafundishe maneno yasiyodhuru mtu, kama kabichi, dirisha na shangazi. Usipofanya hivyo kabla ya Jumatatu, nitakuja mwenyewe nisimame mlangoni pa darasa lako na ovaroli yangu ya kazi, nisisalimie mtu. Natumaini unaona kwamba hapo hakuna kilichopungua.

Msalimie mama wa nyumbani kwako, mlinzi anayewafungulia mlango, na wanafunzi wote, isipokuwa mmoja ambaye namsalimia mwenyewe kila asubuhi.

Ni mimi, niliyeonewa na elimu,

Zagabe, Papa Joviale

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu Jumamosi nilikuwa Idjwi. Nilivaa jaketi mbili za kuokolea, moja juu ya nyingine, na Maman Adolphine alinishika mkanda wa suruali tangu bandarini. Maji yalikuwa matulivu, mimi sikuwa. Nilifumba macho, nikamtaja Gentil kwa sauti, na hakuna aliyenicheka. Tulipokaribia kisiwa nilisikia watu wakipiga kelele, nikafumbua. Joviale alikuwa amekunja gauni lake la arusi mkononi, ameingia majini mpaka magotini, anakuja kunipokea. Alinivua zile jaketi moja moja kama mtu anavyomvua mtoto, akanishika mkono, tukapanda kwenda kanisani na viatu vimelowa. Basi neno lenyewe usilifute. Na kama darasani kuna nafasi siku ya Alhamisi, niandike jina. Nitakaa nyuma.