Darubini ya Mara Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Juni
Mwenyekiti wa klabu yetu ya shabaha ametangaza: kikosi cha mashindano kimebakiwa na nafasi moja. Tunaoitaka ni wawili. Mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Tutapambana Jumamosi, risasi tano kila mtu.

Shemeji anatumia bunduki kuukuu ya risasi ndogo, isiyo na darubini. Kitako kimefungwa mpira wa baiskeli! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Akaniambia nicheke leo, Jumamosi sitapata nafasi.

Tutaona. Yeye anategemea mazoea. Mimi nitategemea vifaa.

Jumanne, 4 Juni
Kwa fundi wa bunduki, kibali mkononi. Akauliza nataka kupiga nini. Nikasema karatasi. Nikamwonyesha niliyoipenda: ya risasi nzito, mtutu mrefu, kitako cha mti mgumu, miguu miwili ya kuegemea mbele. Akaniuliza hiyo karatasi imenikosea nini. Wateja wengine wakaangua kicheko. Mtu mwenye mpango habishani.

Akanishauri nichukue nyepesi, ya risasi ndogo, na darubini ya kukuza mara nne. Mara nne! Hiyo ni miwani tu. Nimechukua ya mara ishirini na nne. Fundi akasema kwa mita hamsini ni kama kutaka kujua kilichopikwa kwa kutumbukiza kichwa ndani ya sufuria. Hana maono yule.

Akataka anifungie darubini mwenyewe. Nikakataa. Skrubu nne tu!

Nyumbani, mke wangu akautazama mzigo, akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamweleza kwamba methali hiyo inahusu majembe.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya kufunga darubini. Nimehakikisha bunduki haina risasi. Nimeilaza juu ya meza ya chakula, nikaweka pimamaji niliyoazima kwa seremala. Mistari ya kulengea ndani ya darubini imelala upande! Nikainyoosha darubini. Kumbe iliyolala upande ni meza. Nikaweka gazeti chini ya mguu wa meza. Sasa darubini ndiyo imepinda. Nikaanza upya. Watoto wakala chini kwenye mkeka na wakafurahi kupita kiasi.

Darubini nimeiweka nyuma kabisa, jirani na jicho. Kwa nini nisogeze kichwa wakati darubini inaweza kunifuata? Nikakaza skrubu kwa nguvu zangu zote. Moja ikakatika kichwa. Zimebaki tatu. Zinatosha. Hata mafiga ni matatu.

Ijumaa, 7 Juni
Mazoezi. Risasi moja tu! Bunduki ikaruka nyuma, darubini ikanigonga juu ya jicho. Damu mpaka kwenye kola. Unyusi umepasuka kwa umbo la mwezi mchanga. Aliyenifunga bandeji ni shemeji, na hilo linauma kuliko kidonda. Akasema, "Shemeji, adui yuko kule mbele. Usipigane na bunduki yako mwenyewe."

Mwenyekiti akaagiza darubini isogezwe mbele na skrubu zote ziwepo. Nilikuwa karibu kulifikiria hilo. Fundi akanipa skrubu mpya bila kucheka, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni nikarudi uwanjani. Maajabu! Risasi zote zimeingia tundu moja. Nikamwita shemeji aje aone. Akatazama, akaenda kunywa maji. Mtu akikimbilia maji hivyo, ameshashindwa.

Jumamosi, 8 Juni
Wakwe wote walikuja. Mama mkwe mstari wa mbele. Karatasi mbili zimesimama bega kwa bega: namba moja yangu, namba mbili ya shemeji.

Nikalala chini, nikaweka jicho. Lo! Duara jeusi limejaa darubini nzima. Namba haikuonekana, ilikuwa nje ya kioo, lakini mimi sikwenda pale kusoma namba. Nikafyatua. Katikati! Tena, katikati! Mara moja moja tundu dogo lilitokea pembeni bila mimi kufyatua. Nikadhani klabu imenunua karatasi duni.

Mwenyekiti akaleta karatasi. Namba moja: nyeupe pe, kama shuka la hospitali. Namba mbili: matundu matano makubwa katikati, na matano madogo yametawanyika pembeni.

Kila mtu alikiri kwamba makubwa ni yangu. Walisifu hata ulengaji. Lakini kanuni ni kanuni: ukipiga karatasi ya mwenzako, ni sifuri. Shemeji akahesabiwa madogo yake, akapewa nafasi. Mama mkwe akauliza kwa sauti kwa nini ninamchokoza mwanawe hata kwenye karatasi.

Shemeji akaja kunipa mkono. Akasema, "Asante kwa msaada, shemeji, ila nilikuwa nimeshaanza mwenyewe."

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa utulivu. Mwenyekiti anasema nipunguze ukuzaji, nitafute namba kwa macho yote mawili, ndipo niinamie darubini. Fundi kasema hivyo hivyo. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika bunduki, kasema hivyo hivyo. Watu watatu kukosea kwa pamoja si jambo la kawaida. Nadhani wamekaa kikao.

Ukweli uko wazi: darubini yangu ni ndogo. Ingekuwa na nguvu zaidi, ningeyatambua yale matundu kuwa ya shemeji. Kesho namwendea fundi. Nataka ya mara arobaini. Na bunduki ya risasi nzito zaidi, ili kanuni ziniheshimu.

Mwakani nafasi itatokea tena. Nitapiga tundu moja, katikati kabisa, wakwe wote wakishuhudia. Karatasi ya nani, hilo tutaliona siku hiyo hiyo.