Sindano Kwenye Kijani

Jumatatu, 8 Septemba

Mwanangu Samia kaondoka na basi la alfajiri kwenda Lindi, semina ya siku tano. Kaniachia tangi lake la kioo sebuleni, pale lilipokuwa kabati langu la vyombo. Ndani mna tumbawe alilolikuta limevunjwa na nanga, dogo kama kidole gumba, akalilea mwaka mzima. Sasa linajaza bakuli. Jumamosi anarudi na wakubwa wa mradi. Wakilikuta zima, wanampa kazi ya kupanda matumbawe Kisiwani. Wakilikuta limekufa, hakuna kazi.

Kaniachia na daftari. Kila siku nipime chumvi ya maji, niandike. Kipimo ni kiboksi cha plastiki chenye sindano. Unachota maji, sindano inapanda, inatakiwa isimame kwenye mstari wa kijani. Imesimama kwenye kijani. Nimeandika. Ukurasa umebaki mtupu mno, nami nimefika darasa la nne na mwandiko wangu ulisifiwa, basi najaza.

Taa ya tangi ilipowaka tumbawe likafunguka. Vidole vidogo, mamia, kila kimoja na ncha yake ya kijani kama mpunga unaochipua. Wali uliungua. Sikujali.

Jumanne, 9 Septemba

Maji yamepungua vidole viwili. Yanapaa tu na hewa. Samia kaandika kwa herufi kubwa: niongeze maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kwenye madumu, yale aliyoyachuja, NISIONGEZE ya bahari. Nimesoma mara tatu. Mtoto kachoka huyu, kakosea. Kiumbe wa baharini unampa maji ya kunywa? Nimemzaa mimi, nitamrekebishia kimyakimya, asiaibike mbele ya wakubwa zake.

Nikaenda pwani na ndoo. Bahati mbaya jirani yangu Moza alikuwa huko anachokoa pweza. Akauliza, Somoe, siku hizi unaoga ya chumvi? Nikamwambia ni ya kukandia mguu, umevimba. Akasema pole, ila mbona nachechemea kwa mguu mwingine.

Nimeongeza. Sindano imepanda kidogo. Nadhani imefurahi.

Jumatano, 10 Septemba

Maji yamepungua tena, nimeongeza tena ya bahari. Sindano imepita kijani. Tumbawe limejikunja nusu. Samaki pekee aliyemo tangini, wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, namwita Bwana Harusi, kajibanza kwenye kona ananitazama kama nimemla nduguye.

Samia kapiga simu. Mama, sindano iko kwenye kijani? Nikamwambia ngoja nikaangalie. Nikachukua kalamu ya kijani, nikaongeza kijani mpaka pale sindano ilipo. Nikarudi kwenye simu, nikamwambia iko kwenye kijani. Mwanangu simdanganyi. Akasema Mungu akuweke, mama yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi nimeongeza mara ya tatu. Tumbawe limefumba kabisa, kama ngumi.

Saa nne Moza kaja kuazima chekeche. Hakuja kwa chekeche, kaja kuona mguu. Akaliona tangi. Ukingo wa kioo umeota ukoko mweupe. Akapitisha kidole, akalamba. Akasema, kumbe umeirudia kazi, Somoe, unapika chumvi sebuleni.

Mimi na Moza tumepika chumvi kule kwenye mikoko toka usichana mpaka tunazaa. Sufuria motoni, maji yakipaa unaongeza ya bahari, yakipaa unaongeza, mpaka mwiko unasimama wenyewe. Maji yanakwenda, chumvi haiendi popote. Miaka kumi na mitano nimeifanya kazi hiyo. Nikamwambia Moza hilo nilikuwa nalijua.

Nikanyanyua dumu la maji baridi nilimwage lote. Moza akanishika mkono. Akauliza, mtu aliyefunga kutwa unamfuturisha kwa sufuria zima la pilau? Na daftari la Samia linasema hivyohivyo, pole pole, ghafla inaua. Tukapatana: kila ikiadhiniwa, jagi moja linatoka tangini, jagi moja la maji baridi linaingia. Tumeanza na adhuhuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Moza anakuja kila adhana, utadhani ndiye imamu wa tangi. Anasema mimina taratibu, Somoe, humwagilii mchicha. Sindano inashuka. Bado iko kwenye kijani changu, haijafika cha Samia.

Baada ya alasiri kimetoka kidole kimoja. Kimoja tu, kama mtoto anayechungulia mlangoni kuona kama mama bado ana hasira. Kisha cha pili. Kisha sikuweza kuhesabu. Chembe ya chakula inapita, kidole kinaidaka, kinaipeleka kinywani. Kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, nacho kina kinywa.

Nikaegemea ukuta. Na ukuta huu marehemu baba aliujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya matumbawe. Palipobanduka unaona vishimo vyao, nyota nyota, na katika kila nyota alikaa mmoja wao. Miaka hamsini nalala ndani ya nyumba zao, sijawahi kuwasabahi. Subhanallah. Moza naye kaupa ukuta salamu. Hilo pia sijawahi kuliona.

Jumamosi, 13 Septemba

Jagi la kumi alfajiri. Sindano imesimama kwenye kijani cha Samia.

Saa nne wakafika, Samia na wakubwa wake, mbele yao Bi Brigita. Tumbawe limefunguka lote. Bi Brigita kapiga magoti sakafuni, uso karibu na kioo. Kisha akakichukua kipimo, akakigeuzageuza. Akauliza kwa upole mbona kijani hiki kirefu, na mbona kinatoka. Kidole chake kilikuwa cha kijani. Samia akanitazama. Mimi nikatazama dari. Moza, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaeleza yote, kuanzia mguu.

Nikasema mwanangu aliandika sawa, mimi ndiye niliyejitia kujua. Msimnyime kazi kwa makosa ya mama yake.

Bi Brigita akafuta kidole. Akasema bahari inazidi kupata joto, yeye anatafuta tumbawe linalostahimili shida. Hili limemstahimili Mama Samia, baharini litastarehe.

Samia kapata kazi. Nimelia, Moza kalia kunizidi, hata kwenye kulia lazima ashindane. Halafu Samia kanisomea daftari lote upya, mstari kwa mstari, nami narudia kama mtoto wa madrasa. Nimeapa kufuata kila neno lililoandikwa.

Jumapili, 14 Septemba

Samia kavuka kwenda Kisiwani, siku ya kwanza kazini. Nimeongeza maji baridi. Sindano kwenye kijani. Nimefuata kila neno.

Ila jana wakati wa chai Bi Brigita alisema tumbawe linajijengea nyumba kwa chokaa linayoichota majini. Nimewaza tangu asubuhi. Maji ya dumu yana chokaa gani, maskini? Nami ninayo nusu debe jikoni, ilibaki tulipopaka ukuta kabla ya Idi. Daftari nimelisoma lote, chokaa halijaikataza. Na sindano haipimi chokaa.

Nimekoroga kijiko kimoja kwenye kikombe. Moza kaja, kachungulia. Anasema kimoja hakitoshi, tutie viwili.