Globu za Volti Sita

Landrova ya Mzee Kalinga ilipoingia Mbeya na jicho moja, Muharami aliiona kabla haijasimama. Wengine waliona gari la bahili lenye taa kubwa ya kushoto iliyokufa. Yeye aliona mchele.

Alikuwa na haja nao. Ijumaa ile, baada ya swala, alitakiwa Iringa kwa Mzee Zubery, baba yake Siwema, akiwa na vitu viwili: gunia la mchele wa Ubaruku, na mtu wa kushuhudia kwamba ana kazi. "Binti yangu simwozi kwa maneno," Zubery alikuwa amemwambia, "na wewe una maneno tu." Shahidi hakumtia hofu, wa kukodi hawakosekani sokoni Iringa. Taabu ilikuwa mchele, maana wauzaji wake wana tabia mbaya ya kutaka kulipwa.

Mali yake yote ilikuwa boksi la globu za volti sita, za vigari vidogo. Landrova ina betri ya volti kumi na mbili. Globu ya volti sita ukiitia humo huwaka kama kiama kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha hufa. Muharami alikuwa amejifunza kuzima baada ya chafya ya kwanza.

"Shikamoo, Mzee Kalinga."

"Marahaba. Nani kakwambia jina langu?"

"Gari, mzee. Linalia."

Akalizunguka gari taratibu, akiguna mbele ya kila taa kama daktari anayepita wodini. "Hii ya kushoto tumeshaizika. Ya kulia ina siku tatu. Hizi ndogo za pembeni, usiniulize. Na hii ya nyuma... mzee, una watoto?"

"Saba."

"Basi nisiseme."

Akaomba gari liingizwe kwenye ghala lenye giza. Akafungua vioo, akatia globu zake, akawasha, akazima. Katika mwanga ule mfupi panya walikimbia wakidhani ukuta umebomoka.

Kalinga alifikicha macho. "Za wapi hizi?"

"Ulaya."

"Hata zangu ni za Ulaya."

"Zako ni za Ulaya ya maskini, mzee."

Kalinga, aliyesemwa kwamba huzima injini kwenye mteremko ili petroli ipumzike, aligeuza globu moja boksini, akairudisha. Kisha akasema atachukua boksi zima kwa gunia moja la mchele kati ya yale aliyopakia nyuma. Muharami akakubali kwa uso wa mtu anayeonewa.

"Na hizi mbovu nitakutupia," akaongeza, akizifunga zile globu za zamani kwenye pamba na kuzitia mfukoni. Zote zilikuwa hai. Hata ya kushoto haikufa. Kutu tu ilikuwa imekalia kitako chake.

"Gunia unalipeleka wapi?" Kalinga akauliza.

"Iringa."

"Basi, panda humu. Nami naenda huko. Tunasafiri mchana, taa hatuzihitaji."

Mjanja akishinda mara moja huenda zake. Akishinda mara mbili hupanda gari.

Wakalala Makambako. Ijumaa asubuhi Muharami akavaa kanzu yake nyeupe ya posa, wakashika njia ya Mafinga. Hawakwenda mbali. Ukungu ulishuka mzito hata boneti ikapotea.

"Tuwashe hizo za Ulaya," alisema Kalinga.

Pa! Ya kulia. Pa! Ya kushoto. Akatia nyingine mbili. Pa! Pa! Akaendelea bila haraka, kama mtu anayemenya karanga, mpaka boksi likawa tupu.

"Basi, fundi," akasema. "Shuka utangulie."

"Nitangulie wapi?"

"Mbele ya gari. Kanzu yako inaonekana vizuri."

Muharami alitembea, matope mekundu yakimpanda kifundoni, kisha gotini, na nyuma yake Landrova ikimfuata kama ng'ombe. Mfukoni globu nzima zilimgonga paja. Akizitoa, amekiri wizi, na mchele unarudi kwa mwenyewe. Asipozitoa, swala itamalizika yeye yuko njiani.

Baada ya maili mbili akasimama. Akazitoa.

Kalinga hakushtuka. "Nilikuwa nakungoja."

"Ulijua?"

"Niliendesha lori la jeshi miaka minne, kijana. Namba iko kwenye kitako cha globu. Sita ni sita, na zangu nilijua zi hai."

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Huku Makambako mtu wa kutangulia kwenye ukungu anataka mlo na ujira. Wewe umetangulia bure, na gunia bado liko garini mwangu. Tena nilikuwa na hamu ya kuona utatembea mpaka wapi." Akampa kipande cha msasa. "Funga."

Muharami akapiga magoti. Alikwangua kutu kwenye kitako na kwenye waya unaoshikana na bodi, akapangusa kioo kwa pindo la kanzu, akakaza skrubu kwa ncha ya kisu. Taa zote zikawaka, hata ile iliyokwisha zikwa. Kalinga aliitazama mikono yake muda mrefu kuliko alivyozitazama taa.

Iringa walifika watu wakitoka msikitini. Zubery alikuwa mlangoni.

"Mchele naona," akasema. "Matope pia. Shahidi yuko wapi?"

Muharami alipima njia kwa macho. Sokoni hapakuwa na muda wa kwenda.

"Mimi hapa," alisema Kalinga, akishuka. "Huyu ni fundi wangu. Nina Landrova mbili, mdogo wangu ana moja. Atatunza taa za zote tatu mwaka mzima, kwa chakula, malazi na gunia hili la mchele. Mshahara tutauzungumza mwakani. Sivyo tulivyopatana, fundi?"

Muharami akamgeukia. Mzee alikuwa na uso usio na hatia kama wa mtoto wa kipaimara.

"Kweli, kijana?" akauliza Zubery.

Pazia la mlangoni lilitikisika kidogo.

"Kweli, baba," alisema Muharami. "Nimeanza leo asubuhi."

Sauti ya Siwema ikatoka ndani: "Baba, mkaribishe upesi, kabla hajafikiria ule mshahara."