Kumpima Bi Kola kwa Robo Saa

Jumatatu, 3 Machi
Leo lazima nijue kama Bi Kola ananipenda. Kazini kwetu yeye hushona kola za mashati, mimi hukata vitambaa meza ya pili kutoka yake. Kumuuliza siwezi, ulimi huganda. Nimebuni njia ya kisayansi! Kila robo saa namtazama usoni na kumpa alama, sifuri hadi kumi. Asubuhi: tisa. Moyo ukaruka! Robo saa baadaye: mbili. Kisha nane. Kisha sifuri, na msonyo juu. Kwa mawazo nimelikatia shati moja mikono mitatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea Dada alama zangu. Hufundisha saikolojia chuoni, sasa anajiona. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza ile sifuri ilitokeaje. Nikasema uzi ulikatika kwenye cherehani. Basi nilikuwa napima uzi, akasema. Eti hasira ya uzi huja na kupita kwa dakika, mapenzi hukua polepole. Kipimo kifuate mwendo wa jambo lenyewe. Nimemwelewa kabisa! Simtazami Bi Kola hata kidogo mpaka Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi
Natembea nikitazama sakafu. Nimegonga mlango. Mpiga pasi, mwanamume mwenye meno mengi kuliko haja yake, anampelekea chai. Wanacheka! Nasikia, sioni. Sayansi chungu.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Bi Kola amenivuta kwa futi ya kupimia niliyovaa shingoni. Akauliza amenikosea nini hata nimemnunia. Nikatapika yote: alama, robo saa, Dada. Mpiga pasi akaangua kicheko. Bi Kola hakucheka. Akasema tangu mwaka jana anakataa meza ya dirishani, yenye upepo, ili akae karibu na yangu. Mwaka mzima, na mimi sikuona! Ulimi ukafunguka wenyewe, nikamwomba anikubali nimuoe. Akakubali! Mpiga pasi ameunguza shati.

Jumapili, 9 Machi
Raha! Nimeimba bafuni mpaka Dada kagonga ukuta. Somo limeniingia: mapenzi hupimwa kwa miaka. Robo saa ni ya wajinga.
Mchana Bi Kola amekuja kwetu, yuko jikoni na Dada. Amechungulia sebuleni macho mekundu. Tatu. Dakika tano baadaye, machozi kabisa. Moja! Nimemwita Dada anisaidie kuuliza kama bado ananitaka. Dada anasema Bi Kola anakata vitunguu. Vitunguu! Wanawake husitiriana. Nitampima tena akishanawa.